Ajali Imetokea, Mfukoni Hamna Kitu

Juzi nilimtembelea mama ambaye mwanawe aligongwa na matatu. Hospitali ya kwanza iliwaambia walete deposti. Wakaanza kuchangisha kwa simu, kijana akivuja damu garini.

Sheria hairuhusu hivyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 yaongeza faini isiyozidi shilingi 3,000,000 kwa hospitali yenye uwezo inayokataa. Kwanza damu izuiwe. Wasipokuwa na vifaa, wapange upelekwe kwingine. Bili huenda ikafuata! Basi andika nambari ya gari, ripoti polisi mapema, weka risiti.

Kijana yu hai. Lakini mama hana hata risiti moja ya kudai bima ya matatu ile.