Meza ya chapati na mtaji wa chama

Maneno ya mwanachama mmoja katika mkutano wa mwezi, Butembo

Mlinipa nafasi niseme juu ya kazi ya meza ya chapati, maana komite iko na maombi ya mkopo, na wengine wameuliza: "Chama kitoe kweli makuta juu ya chapati?"

Mimi nilijifunza hiyo kazi Kampala, nilipokuwa mkimbizi. Kule wanaiita rolex. Si ile saa. Ni mayai ya kukaanga na kitunguu na tomate, unayaweka juu ya chapati, unaikunja, mutu anakula akitembea. Jina limetoka kwa maneno ya Kiingereza yenye kusema mayai ya kukunjwa.

Niliporudi huku nikaweka meza, watu wa kartiye walisema: "Huyu anatuletea chakula cha Waganda." Iliniuma. Kule tuliitwa wageni, na nyumbani tunaitwa wageni tena. Lakini nikafikiri. Chapati yenyewe ilikuja Afrika ya Mashariki na Wahindi, wafanyabiashara na wale waliojenga reli kutoka Mombasa kuanzia 1896. Na bugali yetu je? Mihogo na mahindi vilitoka Amerika, vikavuka bahari. Leo nani hapa Butembo atasema sombe ni ya wageni? Chakula kinakuwa cha nyumbani siku jirani anakinunua mara ya pili.

Sasa tuseme ukweli. Meza yangu ya kwanza ilikufa kwa miezi miwili. Wateja walikuwako. Iliuliwa na deni. Wale tulioishi nao ukimbizini walikula wakisema "nitalipa kesho", na mimi niliona haya kukataa, maana kule walinisaidia. Jioni watoto wangu wakamaliza mayai yaliyobaki. Hesabu sikuandika.

Meza ya pili iko hai. Kwanza, niko na daftari: makuta ya unga hayalali pamoja na makuta ya nyumba. Pili, ninaangalia barabara. Unga wa ngano unapita Kasindi. Njia ya Kasindi–Beni ikikatika juu ya mashambulizi, bei inapanda. Siku hizo ninakaanga ndizi na viazi vya huku kwetu, simlazimishi mteja kulipa hofu yangu. Tatu, maji. Tangu Ebola ya 2018 hadi 2020, watu wetu wanaangalia kwanza ndoo yenye robine, kisha wanaangalia chakula.

Wengi wetu mashamba yako upande wa Beni, na kufika kule ni kuhatarisha maisha. Meza haingoji mavuno: unapika asubuhi, unahesabu jioni. Kwa hiyo ninaomba komite ikubali yale maombi, lakini isitoe makuta mkononi. Itoe mbabula, kikaango, unga wa juma la kwanza na daftari. Mukopaji arudishe kidogo kidogo kila juma, mwingine naye apate.

Na sisi wanachama tusiwe wa kwanza kuomba deni. Ukipenda dada yako asimame, lipa chapati yake.