Saa Isiyo na Mwenyewe

(Mazungumzo na walimu, watumishi wa umma na wazazi, Miyuji, Dodoma)



Nimeombwa niseme juu ya usalama wa watoto wetu warudipo nyumbani kutoka shule, na hasa jinsi ya kuwakinga na watu wasiowajua. Nitasema. Lakini naomba nianze na maneno hayo yenyewe, "mtu usiyemjua", kwa kuwa hapa Miyuji yamekuwa magumu.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 765,179. Kati ya sensa hizo mbili Serikali ilianza kuhamia hapa, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa Jiji. Watu wote hao wanahitaji pa kulala, na wengi wamejenga au kupanga huku kwetu, kandokando ya barabara iendayo Kondoa na Arusha. Jirani wa kushoto ametoka Mtwara, wa kulia ametoka Bukoba, na kiwanja cha mbele kina pagala ambalo mwenyewe hajaonekana. Mtoto tukimwambia asiseme na asiyemjua, tumemkataza kusema na mtaa mzima.

Tena hofu ya mgeni ina madhara yake, na mkoa huu unayafahamu. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, Wilaya ya Chamwino, watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na kundi la watu. Walikuja kuchukua sampuli za udongo. Uvumi ukasema kuwa ni wanyonya damu.  Wale watu waliamini kwamba wanalinda jamaa zao! Kwa hiyo nisingependa mtu yeyote atoke hapa akidhani kazi yetu ni kuwapigia watu yowe kwa sababu sura zao ni ngeni.

Hatari yenyewe ipo, wala si uvumi. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na yapata mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wasichana walipoulizwa mahali, karibu nusu walitaja nyumba ya mtu, na karibu robo walitaja njia ya kwenda shule au ya kurudi. Waliowatendea hayo walikuwamo wageni, na walikuwamo pia majirani, jamaa na watu wenye mamlaka juu yao. Mwanzoni mwa mwaka 2019 Njombe ilipopatwa na msiba wa watoto kutekwa na kuuawa, nchi nzima ilishtuka, na wazazi wengi wakaanza kuwasindikiza watoto wao. Mshtuko ulipokwisha, na kusindikiza kukapungua.

Basi tuitazame njia yenyewe. Mtoto wa madarasa ya chini hutoka shule mchana. Mzazi wake, ikiwa ni mtumishi wa Serikali, hutoka kazini saa tisa na nusu, na kama ofisi yake iko Mtumba hana budi kuuvuka mji mzima ndipo afike Miyuji. Mwalimu naye huhesabu watoto asubuhi katika daftari la mahudhurio, na kengele ya mwisho ikilia hesabu yake imefungwa. Kwa hiyo kuna saa moja, mara nyingine saa tatu, ambazo mtoto si wa mwalimu wala si wa mzazi. Anapita korongoni, anapita kwenye mapagala, anasimama dukani. Mwenye nia mbaya haihitaji siku nzima. Saa hiyo inamtosha.

Tumfundishe nini mtoto? Mimi nasema tumfundishe kulitambua ombi, kuliko kuikariri sura. Yeyote anayemwambia abadili njia, au apande chombo ambacho nyumbani hawakumwagiza, au apokee zawadi na kuificha, huyo anakataliwa, hata akiwa mjomba. Maneno ya kawaida ya walaghai ni haya: "Mama yako amelazwa hospitali, amenituma nikuchukue." Kila nyumba iwe na neno lake la siri; asiyelijua hajatumwa. Neno hilo likitumika mara moja libadilishwe. Na mtoto aambiwe waziwazi kuwa kupiga kelele kwa mtu mzima anayemshika kwa nguvu si utovu wa adabu. Hapa malezi yetu yana kasoro, maana tumemzoesha mtoto kumtii kila mkubwa.

Vijana wa bodaboda wanalaumiwa sana. Wapo wabaya, lakini wengine ndio wanaotusaidia. Wanaoegesha karibu na shule watambuliwe na mwenyekiti wa mtaa, na mzazi aamue mmoja, siyo kila siku mwingine.

Ndugu walimu, msimbakize mtoto mmoja peke yake jioni kwa adhabu, kwa tuisheni, wala kwa kuchota maji nyumbani kwa mwalimu. Jua likichwa, yapata saa kumi na mbili na nusu, awe amekwisha kufika kwao. Serikali imeagiza madawati ya ulinzi wa mtoto ndani na nje ya shule. Hayo maneno "na nje" yana maana ya njia. Watoto waondoke kwa makundi ya mitaa yao, na mkubwa wa kundi aripoti kesho yake nani hakufika pamoja nao.

Nasi wa mitaani tunao utaratibu wa nyumba kumi kumi ulioanzishwa na TANU katika miaka ya 1960. Mabalozi wangali wapo. Kila balozi ajue watoto wa nyumba zake, wa mwanachama na wa asiye mwanachama, maana mtoto hana kadi.

Likitokea jambo, tusilimalize kwa mbuzi na faini baina ya wazee. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwenye habari za mtoto kudhulumiwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Liko Dawati la Jinsia na Watoto polisi, yuko Afisa Ustawi wa Jamii, na iko simu namba 116 ambayo hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Sasa naomba tugawanyike kwa mitaa. Kila kundi lichore njia wanazopita watoto wake, liweke alama kwenye kila pagala na kila korongo, na kuandika jina la mtu mzima aliyeko karibu na hapo kati ya saa sita na saa kumi na mbili.