Samaki wa Topeni

Maji yakipwa pwani ya Msimbati, mtoto humwona: samaki mdogo, macho juu ya kichwa, akirukaruka topeni kwenye mizizi ya mikoko. Yumo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Huyo anatosha kuwa kitabu cha picha cha kumweleza mtoto jinsi viumbe wanavyobadilika. Wachorwe samaki wawili: mwenye mapezi yenye nguvu anamkimbia ndege, mwenzake analiwa. Aliyepona anazaa, wanawe wanarithi mapezi yale. Kizazi baada ya kizazi, umbo linabadilika. Mtoto wa miaka 6 anaelewa hilo. Tusimngojeze hadi sekondari. Mifupa ya dainosaria ya Tendaguru, Lindi, iliyochimbwa 1909 hadi 1913, inatazamwa na watoto wa Berlin. Watoto wetu, ambao mifupa hiyo iko mbali nao, wachorewe angalau samaki huyu.