Kopo Lililofichwa Njiani

Akina mama na walezi wa Mata! Leo tuzungumze juu ya mchezo wa kutafuta kitu kilichofichwa.

Mwezi Mei mwaka 2000, huko Marekani, mtu mmoja alificha ndoo msituni, akatangaza ilipo kwa vipimo vya setilaiti. Wengine wakaitafuta, na mchezo ukaenea duniani. Watoto wetu hawahitaji mtambo. Kopo tupu na alama za mawe kando ya kijia vinatosha.

Mchezo huu una faida. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 auchangamshe mwili wake kwa wastani wa dakika 60 kila siku.

Hata hivyo, vijia vyetu hupita vichakani, na mbuga ya Tsavo Magharibi iko jirani. Kwa hiyo kopo lifichwe na mtu mzima, mahali jicho linapofika kabla ya mkono. Lisiwekwe shimoni, kichuguuni wala chini ya kuni. Watoto wavae viatu, waende na mkubwa, na warudi mapema kabla ya jua kutua, kwa sababu ya ndovu.

Je, mtoto akiumwa na nyoka? Mtulizeni. Mvueni viatu na bangili. Kiungo kilichoumwa kisitikisike. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba. Asitembee, mbebeni hadi hospitali mara moja, hata kama hajavimba.

Watoto na wacheze, nasi tuikague njia kwanza. Kwaherini.