Sir Thomas Lipton, Mwuza Vyakula wa Glasgow

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Jina la Lipton mnalijua kwa ile karatasi ya manjano inayofunga chai. Wengine hudhani ni jina la shamba. Ni jina la mtu, mtoto wa maskini, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kutumwa huku na huku. Nimechagua habari zake kwa sababu kila mwaka katika chama hiki husikia mtu akisema kwamba akistaafu atafungua duka, kana kwamba duka ni kitanda cha kupumzikia. Lipton alijifunza duka kama sisi tulivyojifunza hesabu na barua za ofisi.

Wazazi wake walitoka Ireland, wakahamia Glasgow wakati wa njaa kuu iliyoletwa na ugonjwa wa viazi. Wachunguzi wengi husema mtoto huyu alizaliwa mwaka 1848. Mwenyewe alipenda kusema 1850. (Wale wanaotunza majalada ya watumishi wasicheke sana.) Baba na mama walikuwa na kiduka cha siagi, mayai na nyama ya nguruwe; ndugu zangu Waislamu watanisamehe, maana nyama hiyo itarudi tena katika habari hii. Husimuliwa kwamba kijana alimshauri baba yake asiwauzie watu mayai kwa mkono wake mwenyewe, bali amwachie mama, kwa kuwa katika kiganja kidogo cha mama yai lilionekana kubwa.

Mwaka 1865 alipanda merikebu kwenda Marekani. Alifanya kazi katika mashamba ya tumbaku na ya mpunga, lakini shule yake hasa ilikuwa duka kubwa la New York, katika sehemu ya vyakula. Huko bidhaa zilipangwa ili zivutie macho, nao wanunuzi wakapokewa kwa adabu kama wageni. Aliporudi kwao alikuwa amewekeza akiba kidogo, na zaidi ya akiba hiyo alikuwa na macho yaliyokwisha kuona. Mwaka 1871 akafungua duka lake mwenyewe katika mtaa wa Stobcross. Lilikuwa na mwanga mwingi na usafi. Alinunua kwa fedha taslimu kutoka kwa wakulima wenyewe, hasa wa Ireland, naye akauza kwa bei ndogo.

Tena alijua kuita watu. Nguruwe walionona walipitishwa barabarani wakiwa na maandishi kwamba wanakwenda kwa Lipton. Mlangoni aliweka vioo viwili vilivyopinda: cha kwanza kilimwonyesha mtu amekonda, naye ndiye anayekwenda dukani, cha pili kilimwonyesha amenenepa, naye ndiye anayetoka. Mwaka 1881 akaleta jibini kubwa ajabu kutoka Marekani, akaficha ndani yake sarafu za dhahabu, akalikata vipande na kuuza. Mimi naona mchezo huo ulikaribia kamari. Watu hata hivyo walijaa.

Kabla ya mwaka 1890 maduka yake yalikuwa yamepita mia, ndipo akageukia chai. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Zamani zile chai ilikaa wazi katika masanduku. Mwuzaji alichota, akapima, na mnunuzi hakuwa na hakika ya uzito wala ya majani yenyewe. Lipton akaifunga katika pakiti za ratili moja, nusu na robo, uzito umeandikwa na jina lake limeandikwa. Akaichanganya tofauti kwa kila mji kulingana na maji ya pale. Akaiuza shilingi 1 na peni 7 kwa ratili, na wengine walikuwa wakitoza karibu mara mbili. Mwaka 1890 alikwenda Ceylon, ambako ugonjwa wa majani ulikuwa umeua kahawa na mashamba yakauzwa rahisi, akanunua, pamoja na Dambatenne karibu na Haputale. Matangazo yake yakasema chai inatoka shambani moja kwa moja mpaka kwenye birika. Hayo hayakuwa kweli yote: chai nyingi aliyouza ilitoka kwa watu wengine. Na matangazo hayakutaja ujira mdogo wa Watamil waliochuma majani.

Sasa nafika kwenye jambo linalotuhusu sisi watumishi. Kampuni yake iliuza vyakula katika kantini za jeshi la Uingereza. Mwaka 1914 kesi kubwa ikafunguliwa London: watu wa kampuni walikuwa wakiwapa maofisa wa jeshi fedha ili biashara ya kantini ije kwao. Baadhi ya pande zote mbili wakahukumiwa. Lipton mwenyewe hakushtakiwa. Lakini mtu aliyewafundisha watu wake namna ya kupanga siagi na kumsalimu mnunuzi, je, aliwafundisha nini juu ya bahasha? Na yule ofisa aliyepokea alikuwa mtu wa namna yetu: mwenye mshahara, mwenye kalamu, mwenye sahihi inayoweza kumpa mtu zabuni au kumnyima. Kila mmoja wetu anayekaa kwenye meza ya zabuni ajiulize ni pakiti ngapi za sukari zilizofika nyumbani kwake sikukuu iliyopita, na zilitoka kwa nani.

Mengine nayapita upesi. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1898. Alishindania kombe la mashua la Marekani mara tano, kati ya 1899 na 1930, akashindwa zote kwa uso wa furaha. Hakuoa. Alikufa mwaka 1931, akazikwa Glasgow pamoja na wazazi wake, na sehemu kubwa ya mali yake akaiachia mji huo kwa ajili ya maskini na wagonjwa. Mwaka 1984 kampuni ya Unilever, iliyokwisha kulimiliki jina la Lipton, ilinunua Brooke Bond, yenye mashamba ya Kericho tangu miaka ya 1920. Hivyo majani ya Kenya nayo yakaingia chini ya jina la mwana wa kiduka cha mayai.

Bwana Mwenyekiti, saa imekwenda. Niko tayari kwa maswali, hasa ya wale ndugu wawili waliokwisha kukodi chumba sokoni.