Ngoma ya Watoto Kashojwa
Wazazi na walimu wa Kashojwa, Siku ya Mtoto wa Afrika, tarehe 16 Juni, inafaa sana kuwachezesha ngoma wanafunzi wadogo. Makazi yetu ya Nakivale yamepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na kila jamii imekuja na uchezaji wake: Warundi na ngoma zao, zilizoingia katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014, Wasomali na dhaanto, na wenyeji wetu Wanyankole wana ekitaguriro. Waombeni akina mama na wazee wawafundishe watoto.

Lakini hili lisikilizeni kwa makini. Wapo watoto waliokimbia milio ya risasi. Puto likipasuka, au spika ikinguruma ghafla, mtoto anaweza kutetemeka mbele ya wenzake. Basi acheni maputo, punguzeni sauti, na tandikeni mkeka kivulini, akae hapo mwalimu waliyemzoea. Asiyetaka kucheza apige makofi au atazame tu, asivutwe mkono. Wasichana wakitaka duara lao peke yao, wapeni.

Maji ya kunywa yawe karibu. Anzeni saa nane, mmalize saa kumi, wadogo wafike nyumbani jua lingalipo.