Karatasi ya Wapiga Kelele: Uonevu katika Shule za Msingi za Simiyu



Nimeombwa nizungumzie uonevu katika shule za msingi, na ninaanzia mahali ambapo karibu kila mmoja wetu humu amepita. Mwalimu anatoka darasani. Huenda ameitwa ofisini, huenda ana darasa la pili linalomsubiri saa hiyohiyo. Kabla hajafika mlangoni anamwambia monita, "Andika majina ya wapiga kelele." Monita, mtoto wa miaka kumi au kumi na mmoja, anachana karatasi katikati ya daftari lake na kusimama mbele ya wenzake. Mwalimu akirudi, karatasi inasomwa, na waliotajwa wanapita mbele kuchapwa.

Tazameni kinachotokea kati ya kutoka kwa mwalimu na kurudi kwake. Jina linaandikwa, kisha linawekewa alama ya pili na ya tatu, maana yake "amezidi". Jina linafutwa kwa kipande cha penseli, kwa embe, kwa shilingi mia ya ubuyu. Aliyegombana na monita jana kwenye foleni ya bomba anaandikwa hata kama hajafungua mdomo. Rafiki wa monita anapiga soga mpaka anachoka. Mtoto asiye na penseli ya ziada, asiye na hela ya ubuyu na asiye na kaka darasa la saba anajifunza kukaa kimya kabisa, na bado jina lake linasomwa.

Karatasi ile imekuwapo muda mrefu kiasi kwamba hatuioni tena. Tunapozungumza juu ya uonevu tunamtafuta mtoto mkorofi, tunauliza amelelewa wapi, baba yake ni nani. Watoto wakorofi wapo, sikatai. Lakini nina hakika kwamba uonevu mwingi katika shule zetu unapita katika mamlaka ambayo sisi watu wazima tumeyakabidhi kwa watoto na kuacha kuyasimamia: monita mwenye karatasi, kiranja mwenye fimbo, mkubwa wa zamu ya usafi anayeamua nani adeki choo. Hayo ndiyo nitakayoshughulika nayo leo.

Msomi aliyetuwekea msingi wa kulielewa jambo hili ni Dan Olweus, Mswidi aliyefanya kazi zake nyingi Bergen, Norway. Kitabu chake cha kwanza kuhusu uonevu wa wanafunzi kilitoka mwaka 1973. Dunia ilimsikiliza kwa dhati baadaye, na kwa sababu ya kusikitisha: mwishoni mwa 1982 wavulana watatu kaskazini mwa Norway walijiua, na kilichoaminika kuwasukuma ni mateso waliyopata kwa wenzao. Mwaka uliofuata serikali ya nchi hiyo ilianzisha kampeni katika shule zake zote. Olweus alitupa vipimo vitatu: tendo ni la makusudi, linarudiwarudiwa, na anayetendewa hana nguvu sawa na anayemtendea. Kipimo cha tatu ndicho kinachotuhusu zaidi. Watoto wawili wa kimo kimoja wakipigania mpira, huo ni ugomvi, na utakwisha kabla ya kengele. Mtoto anayeandikwa jina kila Jumanne na mwenzake ambaye mwalimu amemwamini yuko katika hali nyingine kabisa, kwa sababu nguvu inayomwelemea imetoka ofisini.

Nawaelewa walimu. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja cha darasa. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto wamejaa, jambo la heri, lakini mwalimu wa Itilima au Meatu anayesimama mbele ya darasa lililozidi kiwango hicho mara mbili hahitaji mhadhiri wa kumweleza maana ya 45. Mkoa wetu wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumega Shinyanga na Mwanza, ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 2.1 katika sensa ya 2022, na sehemu kubwa ni watoto. Mwalimu aliyeelemewa hutafuta msaidizi, na msaidizi aliye karibu ni monita. Namlaumu kidogo sana kwa kutafuta msaada. Ninachokataa ni msaada wenyewe kugeuka mahakama isiyo na rufaa.

Kuna jambo la sheria hapa ambalo wazazi wengi hawajaambiwa. Kanuni zinazosimamia viboko shuleni, kama zilivyorekebishwa mwaka 2002, zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika daftari maalumu. Mwanafunzi hatajwi popote. Kiranja anayesimama getini na fimbo akiwachapa miguuni waliochelewa hana ruhusa ya kanuni hizo wala ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Na mwalimu anayechapa darasa zima kwa karatasi ya monita, bila daftari na bila kuuliza, naye yuko nje ya kanuni hizohizo.

Fimbo yenyewe ina habari zake. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika 2009 na kutangazwa 2011, ulikuta zaidi ya nusu ya vijana wa kike na wa kiume wakisema walipigwa na mwalimu kabla ya kutimiza miaka 18. Utafiti mwingine, uliochapishwa 2014 juu ya watoto 409 wa shule ya msingi hapa nchini, ulionyesha kwamba waliokuwa wakiadhibiwa kwa ukali zaidi ndio pia waliokuwa na ugomvi zaidi na moyo mdogo wa kuwasaidia wenzao. Na mwaka 2018 taifa lilitikisika pale mwanafunzi wa shule ya msingi mjini Bukoba alipofariki baada ya kupigwa na mwalimu. Sisemi kwamba kila kiboko kinazaa mwonevu. Nasema mtoto anayeona kila siku kwamba mkubwa akikasirika anapiga, naye akapewa ukubwa wa darasa, atafanya alichokiona.

Katika Usukuma karatasi ile ina safu ya pili: wanaoongea kilugha. Mtoto ametoka Mwamapalala au Ngulyati, nyumbani wanaongea Kisukuma tangu alfajiri, amechunga ndama mpaka umri wa shule ukampata. Anaingia darasa la kwanza, anamwomba jirani yake kifutio kwa maneno anayoyajua, na anaandikwa. Akijaribu Kiswahili anakosea, darasa linacheka, na kosa lile linageuka jina lake la utani hadi darasa la saba. Katika miaka ya mradi wa elimu wa EQUIP-Tanzania, Simiyu ulikuwa mmoja wa mikoa iliyopata mpango wa utayari wa shule: watoto wa vijiji vya mbali walikaa na mtu wa kijiji chao, wakasimuliwa hadithi na kuzoea Kiswahili kabla ya kuanza darasa la kwanza. Mpango ule ulielewa jambo ambalo utaratibu wetu wa kushtaki uonevu haujalielewa. Tunamwambia mtoto, "Ukionewa, njoo useme." Atasema kwa lugha gani? Yule anayeonewa zaidi kwa sababu ya Kiswahili chake ndiye tunayemdai Kiswahili ili tumsikilize. Mwalimu wa zamu, ukijiwa na mtoto anayelia, mpokee kwa Kisukuma. Kama wewe umetoka Mbeya au Tanga, mwite mwenzako anayekijua. Hakuna atakayefeli mtihani wa taifa kwa dakika hizo chache.

Najua hoja inayonisubiri hapo nje: "Hao wanataniana tu, Wasukuma ni watu wa utani." Utani tunao, na ni urithi mkubwa. Wasukuma na Wanyamwezi wametaniana na Wazaramo tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na mtani anaweza kukuambia msibani maneno ambayo ndugu yako hathubutu. Lakini utani una pande mbili. Ukinirushia, ninakurudishia, na wote tunajua kesho nitakuja kwako kusaidia kuchimba kaburi. Mtoto anayeitwa "Kikojozi" tangu darasa la kwanza na wenzake arobaini hana wa kumrudishia, na hakuna aliyewahi kumfanyia wema wa mtani.

Majina yanaweza kufika mbali kuliko tunavyodhani. Kuanzia mwaka 2006 Kanda ya Ziwa iliingia katika miaka ya mauaji ya watu wenye ualbino. Wakati ule kulikuwa na watoto walioitwa "dili" wakipita njiani, na waliowaita hivyo walikuwamo watoto wenzao, wakirudia waliyoyasikia kwa wakubwa. Serikali ilikusanya watoto wengi kwenye vituo vya malezi kama Buhangija, Shinyanga. Hatua hiyo iliokoa maisha, na wakati ule pengine hapakuwa na njia nyingine. Hata hivyo aliyehamishwa ni mtoto, na wazazi wake wakabaki kijijini na waliomwita dili. Hata katika mambo madogo tunafanya vilevile. Binti anaonewa, anahamishiwa shule ya kijiji cha pili, kilomita saba kwa miguu, na waliomwonea wanabaki wakichagua mwingine.

Tufanyeje, basi, tukio likishatokea? Kwanza, msiwasimamishe wote wawili mstarini asubuhi mbele ya shule nzima. Aliyeonewa ataaibika mara ya pili, na aliyemwonea atapata hadhira. Wasikilizeni kila mmoja peke yake, aliyeonewa akitangulia. Msiwalazimishe kupeana mikono siku hiyohiyo ili faili lifungwe. Andikeni katika daftari la matukio, na mwalimu mmoja apewe kazi ya kumwita yule mtoto baada ya wiki, kisha baada ya mwezi, amuulize hali ikoje. Hatua hiyo ya kurudi kuuliza ndiyo tunayoisahau zaidi, na waonevu wanajua kwamba tunaisahau. Mambo yakizidi uwezo wa shule, afisa ustawi wa jamii yupo, dawati la jinsia na watoto la polisi lipo, na simu ya bure 116 ni ya mtoto mwenyewe pia.

Wazazi, nanyi mna sehemu yenu. "Amekupiga? Na wewe kampige" si ushauri kwa mtoto aliyezidiwa nguvu. Kwenda shuleni kumchapa mtoto wa mwenzako ni kosa.

Kuhusu kuzuia, Wafini wametufundisha kitu. Christina Salmivalli wa Chuo Kikuu cha Turku alionyesha mwaka 1996 kwamba uonevu huwa na watazamaji wenye nafasi zao: wanaosaidia, wanaocheka, wanaojitenga, wanaotetea. Mpango uliotokana na kazi hiyo, KiVa, ulielekeza nguvu kwa watazamaji, nao ukaenea katika shule za nchi hiyo kuanzia 2009. Karibu zaidi na sisi, wilayani Luwero, Uganda, shirika la Raising Voices lilishirikiana na shule za msingi kubadili mwenendo wa shule nzima, walimu na wanafunzi pamoja. Shule 42 zilishiriki katika jaribio lililopima kazi hiyo, na matokeo yake ya 2015 yalionyesha kwamba hatari ya mtoto kupigwa na watumishi wa shule ilipungua kwa asilimia 42. Hizo zilikuwa shule za jirani zetu, zenye madarasa yaliyojaa kama yetu.

Sanduku la maoni lisitudanganye. Nimeliona likiwa na kufuli, na ufunguo ukiwa mfukoni mwa kaka mkuu. Mtoto wa darasa la pili hajui kuandika malalamiko, ila anajua kuchora. Mpeni karatasi achore eneo la shule na njia ya kwenda nyumbani, apake rangi nyeusi mahali anapoogopa. Mtaona nyuma ya choo kisicho na mlango, foleni ya bomba, kona ya njia karibu na lambo ambako wakubwa wananywesha ng'ombe. Mkishapajua, mtajua mwalimu wa zamu asimame wapi, na watoto wa kitongoji gani waongozane kurudi nyumbani. Klabu za wanafunzi na umoja wa wazazi na walimu tunavyo tayari. Kazi hii ianzie huko.

Kwa monita, ombi langu ni dogo na linatekelezeka Jumatatu. Abaki monita, agawe madaftari, amwite mwalimu kukiwa na dharura, na zamu yake ibadilike kila mwezi ili kila mtoto aonje kazi hiyo. Karatasi ya majina ikome. Viranja warudishe fimbo ofisini.

Na kwa wathibiti ubora wa shule mliomo humu: mkifika shuleni mnaomba daftari la adhabu, nami nawashukuru kwa hilo. Mkishalifunga, nendeni darasa la tatu wakati mwalimu hayupo, muulize ni nani ameandikwa leo, na kwa nini.